Siku niliyomlisha mteja wa mama dawa ya bustani

Leo sina stori ya staa aliyeachwa wala ya nani kanunua gari. Leo najianika mwenyewe. Nimekaa na hii siri miezi minne, na ndugu zangu wameshaanza kuisimulia kwenye vikao vya familia, kila mmoja anaongeza chumvi yake. Bora niiseme mimi, niiseme ilivyokuwa. Na suala la chumvi tutalirudia, subirini.

Tuanze na mama. Mama yangu ni mtu wa Muheza, Tanga, na kazi yake ni achari. Alianza kuziuza hapa Dar tukiwa bado shule ya msingi: chupa mbili tatu kwa majirani, kisha kwa walimu wetu, kisha kwa wafanyakazi wenzake baba. Kuna achari ya embe, ya ndimu, ya ukwaju, ya pilipili nyekundu, na ile inayomfanya ajulikane mtaa mzima, achari ya pilipili mbichi. Hiyo ina pilipili za kijani, embe bichi, kitunguu saumu, uwatu kidogo, mafuta, siki na chumvi. Chumvi yake haina mchezo, vijiko viwili vya chakula kwa chupa moja. Ukimuuliza mbona nyingi hivyo atakujibu, “Friji langu mimi ni chumvi na siki.” Na ni kweli. Ndiyo maana achari inakaa miezi hata umeme ukikatika wiki nzima.

Uani kwetu hakuna shamba, kuna ukuta na ndoo. Mama ametoboa ndoo za rangi chini, kajaza udongo na samadi, kapanda mchaichai, mrehani, giligilani, mchicha na mipilipili mitatu. Hiyo mipilipili ni kama watoto wake. Mbegu alipewa na bibi kule Muheza, na bibi sasa hivi ni marehemu. Pilipili zake ni fupi nene, zina harufu kali hata kabla hujazikata. Mama anaamini bila hizo achari yake ni achari ya kawaida tu.

Sasa mipilipili ina maadui, vile vidukari vinavyojazana chini ya majani. Mama hanunui dawa ya dukani. Anatwanga pilipili kwenye kinu cha zamani, anatia vitunguu saumu na majani ya mwarobaini, anaongeza maji kidogo, kisha anamimina sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ndiyo inayofanya dawa inate kwenye jani, na yenyewe inavimaliza vidukari. Mchanganyiko unalala siku moja kwenye chupa, kesho yake anauongezea maji na kunyunyizia kwa ufagio wa chelewa.

Mmeshaona tatizo linavyokuja? Pilipili za kijani, kitunguu saumu, rangi ya kijani, chupa ya kioo. Ukiziweka pamoja achari ya pilipili mbichi na dawa ya vidukari, ni mapacha. Kinachozitofautisha ni plasta. Mama ana bunda la plasta nyeupe, ile ya hospitali ya kufungia vidonda. Kila chupa ndani ya nyumba yetu ina kipande cha plasta na maandishi yake makubwa ya makapeni: EMBE, NDIMU, UKWAJU. Na kwenye ile moja: DAWA – USILE.

Mimi hizo plasta zilikuwa zinaniudhi.

Nimemaliza chuo mwaka juzi. Kazi nimeomba mpaka nimechoka kuhesabu. Nipo nyumbani, nina simu yenye kamera nzuri na bando la usiku. Nikamwambia mama, “Mama, achari yako tamu lakini haina mvuto. Niachie mimi nikufungulie ukurasa, nikupigie picha, tuipe brandi.” Mama aliniangalia kwa muda. Akasema, “Brandi si ndiyo pombe?” Nikamwelewesha. Akasema haya, fanya, ila usinivunjie chupa.

Bahati ikaja yenyewe. Kuna mama mmoja ana mgahawa wa chakula cha mchana maeneo ya Posta, anapikia watu wa maofisini. Alionja achari ya mama kwenye msiba mmoja, akaulizia mpaka akapata namba. Akapiga akisema atakuja Jumamosi mchana kuonja vizuri, na akiridhika atachukua chupa 40 kila mwezi. Kwa bei ya shilingi 5,000 chupa, hiyo ni laki mbili. Kwa mwenye nazo ni hela ya kula bata usiku mmoja. Kwa mama ilikuwa fremu. Ana miaka anaiota fremu pale njia panda, aache kuuzia barazani ambako kila anayepita anamkopa. Wiki ile nilimsikia akiongea peke yake jikoni, anahesabu: kodi kiasi gani, shelfu kiasi gani, taa kiasi gani.

Ijumaa jioni nikaamua kupiga picha za kufungulia ukurasa. Nikapanga chupa kwenye meza karibu na dirisha, jua la jioni linapita kwenye kioo, jamani ilikuwa kama tangazo la televisheni. Njano ya embe katikati, nyekundu na kahawia ya ukwaju zimeifuata, na kijani upande wa kulia. Nikatazama kwenye simu. Upande wa kushoto palipwaya. Picha ilikuwa inadai kijani cha pili, na achari ya pilipili mbichi ilikuwa imebaki chupa moja tu, ile aliyotengewa mteja.

Macho yangu yakaenda chini, kwenye kona ya mlango wa uani. Chupa ya kijani. DAWA – USILE.

Nilijua ni dawa. Naomba hili mliweke kwenye kumbukumbu, kwa sababu kaka yangu anasimulia kwamba sikujua kusoma. Nilijua kabisa. Nilijiambia ni picha tu, dakika tano, nairudisha. Nikabandua plasta zote ili picha iwe safi, nikazining'iniza pembeni ya meza moja moja. Nikapiga picha kama 60. Nikachagua, nikaweka rangi, nikapandisha. Kufika saa mbili usiku laiki zilikuwa zimepita 200, mtu kaandika “njaa imeniuma”, mwingine anauliza mnafikisha Mwanza?

Katikati ya kujibu watu nikakumbuka kurudisha plasta. Nikabandika EMBE kwenye embe, UKWAJU kwenye ukwaju, mkono mmoja unabandika, mwingine unajibu wa Mwanza. Nikafika kwenye zile mbili za kijani. Nikashika moja, nikabandika DAWA – USILE, nikairudisha kwenye kona ya mlango. Nyingine nikaibandika PILIPILI MBICHI, nikaiweka kabatini kwa ajili ya mteja.

Nafasi ya kupatia ilikuwa nusu kwa nusu. Na mimi na bahati, mnanijua.

Jumamosi alfajiri mama aliamka na mafua mazito, pua imeziba kabisa. Akaswali, akatoka uani na chupa yake iliyoandikwa DAWA kwa mkono wake mwenyewe. Akaimimina kwenye kopo la maji la lita moja, akanyunyizia majani, na iliyobaki akaigawa kwenye mashina ya ile mipilipili mitatu, maana alisema vidukari vimezidi. Nasema tena, mama hakukosea. Alisoma plasta. Miaka yote hiyo plasta ile haikuwahi kumdanganya.

Hebu tupige hesabu kidogo. Chupa moja ya achari ina vijiko viwili vya chumvi. Ukiichanganya na lita moja ya maji, unapata maji yenye chumvi inayokaribia ya bahari. Yaani mama yangu aliimwagilia bustani yake maji ya Coco Beach, yakiwa na siki na mafuta juu. Tena kawamwagia mipilipili achari ya pilipili zao wenyewe. Kama mimea ingekuwa na mdomo, siku ile ingetusema.

Saa sita na nusu mteja akaingia. Mama mnene, mzuri, kajifunga kitenge cha maana, kaja na kijana wake wa kazi. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, hujambo?” Mama kavaa dera jipya. Amekaanga viazi karai, kachori na bagia, amepika chai ya tangawizi. Meza imependeza. Nikaleta bakuli dogo dogo za achari, nikazipanga kwa rangi, na simu nimeiegesha kwenye kopo ili nirekodi mteja anavyosifia. Ndiyo. Video ninayo. Hapana, siipandishi.

Akaonja embe, akatikisa kichwa, “Mashallah.” Akaonja ukwaju, akafumba macho. Mama anajikaza asicheke. Kisha mteja akasema, “Sasa hii ya kijani ndiyo iliyonileta.” Akachukua kachori nzima, akaizamisha yote, akaitia mdomoni nusu.

Akatafuna. Akasimama kutafuna. Akaendelea taratibu.

“Vipi?” mama akauliza.

Yule mama ana adabu zake. Alimeza. Akasema, “Ina… ina ladha ya peke yake.” Na ili asimvunje mwenyeji moyo, jamani, akamalizia na ile nusu nyingine. Kisha akanywa chai.

Hapo chai ikakutana na sabuni. Povu likaanza pembeni ya mdomo, dogo tu, kama la mtoto anayeota meno. Akapangusa, likarudi. Yule kijana wa kazi, aliyekuwa ameshachovya bagia yake, akaitoa mdomoni akaishika mkononi kama mtu aliyeshika ushahidi. “Mama,” akamwambia bosi wake, “mbona unatoa povu?”

Mama akavuta lile bakuli, akachovya kidole, akalamba. Pua imeziba lakini ulimi haujaziba. Sura yake ikabadilika mara tatu. Akasema kwa sauti ya chini sana, “Hii si achari yangu.” Akanitazama. Mimi nikatazama simu. Simu inaendelea kurekodi.

Akainuka bila neno, akaenda uani. Tukamfuata wote, na mteja na povu lake. Mama akaokota ile chupa tupu iliyoandikwa DAWA – USILE, akaingiza kidole, akakilamba mbele ya wageni. Akasema, “Hii ndiyo achari yangu.” Kisha akageuka kuangalia mipilipili. Jua la saa saba lilikuwa limeshaipata. Majani yamejikunja, kingo zimeungua rangi ya kahawia, na yote yameinamisha vichwa kama watu wa msibani.

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi yenyewe ilikuwa ndani ya ndoo.

Nikakimbia kwa jirani yetu ambaye ni muuguzi. Alikuja na kanga begani na swali la kwanza lilikuwa, “Mmetia nini humo? Semeni kimoja kimoja.” Nikataja. Akauliza mara mbili kama kuna dawa yoyote ya dukani. Hakuna. Akapumua. Mama mkubwa mmoja wa nyumba ya pili alikuwa ameshafika na vidole vyake tayari, anataka mgeni atapishwe. Jirani akamzuia. Alisema aliyemeza sabuni hatapishwi, lile povu likipanda linaweza kuingia kwenye mapafu. Asukutue, anywe maji kidogo kidogo, na akianza kukohoa au kupumua kwa shida anapelekwa hospitali hapo hapo. Yule mama akakaa barazani saa nzima, anasukutua, anacheua, anapangusa machozi ya pilipili. Mwisho akasema, “Angalau tumbo langu halina vidukari.” Tukacheka wote, hata mama. Lakini aliondoka bila kusema lolote kuhusu zile chupa 40.

Usiku ule mama hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alikaa kwenye kigoda uani na tochi ya simu, anaimwagilia ile mipilipili maji matupu, ndoo baada ya ndoo, ili chumvi ishuke itoke kwenye yale matundu ya chini. Nikaenda kumsaidia kubeba maji. Tulifanya hivyo bila kuongea mpaka karibu saa tano. Ndipo akasema, “Unajua kwa nini naandika?”

Nikanyamaza.

“Wewe ulikuwa na miaka miwili. Nilikuwa naweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, kama kila mtu. Ukaishika ukaiweka mdomoni. Bibi yako ndiye aliyekupokonya, hukuwahi kumeza. Tangu siku hiyo hakuna chupa ndani ya nyumba yangu isiyo na jina.”

Jamani. Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani ni ushamba. Nilikuwa naziona zile plasta kama uchafu kwenye picha, kumbe mimi ndiye sababu ya kila kipande. Nilijificha kwenye giza nikalia kidogo, halafu nikaenda kuchota maji mengine.

Nikajiuliza pia ingekuwaje kama ile chupa ingekuwa na dawa ya kweli ya wadudu, ile ya kopo lenye fuvu. Nisingekuwa naandika hapa tucheke. Na msinicheke peke yangu, hebu nendeni jikoni kwenu sasa hivi. Dawa ya kufulia nguo nyeupe iko kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Dawa ya mende kwenye kopo la blubendi. “Sisi wenyewe tunajua.” Mgeni anajua? Mtoto wa dada yako anajua?

Mipilipili miwili ilikufa. Mmoja ulipukutisha majani yote, ukabaki kijiti, na baada ya wiki mbili ukatoa jani moja dogo kama sikio la panya. Mama alilishangilia hilo jani kuliko alivyoshangilia shahada yangu. Halafu akaenda kabatini akatoa kichupa kidogo cha mbegu kavu. Kina plasta: MBEGU – ZA MAMA. Bibi ndiye mama yake. Alikuwa amezitunza. Tukazipanda pamoja, na siku ya tisa zikachomoza.

Mimi nilifuta zile picha, nikamwandikia yule mteja ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Niliandika kila kitu: kwamba kosa ni langu, mama hana hatia, plasta niliibandua mimi. Hakujibu. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mama akaacha kuhesabu jikoni, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Wiki ya tatu, Jumamosi, saa sita na nusu, akabisha hodi. Hakukaa. Akasema, “Leteni hiyo ya kijani, ya kweli. Wewe mama utakula kwanza kijiko kizima mbele yangu, kisha huyu binti, kisha mimi.” Mama akala. Mimi nikala, machozi yakanitoka, na siyo ya pilipili peke yake. Yule mama akaonja. Akafumba macho kama alivyofanya kwenye ukwaju. Akasema, “Nianzie chupa 12. Tutaangalia.”

Nikaona hapo ndipo pa kumwonyesha lebo mpya niliyobuni, ina maua, ina jina kwa herufi za kujikunja. Akaiangalia, akaniangalia, akanirudishia. “Hapana, mwanangu. Mimi nataka ile ya plasta. Ile yenye mwandiko wa mama.”

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo. Tumefika chupa 24 kwa mwezi, fremu bado, lakini mama ameanza tena kuhesabu. Ukurasa tumeufungua upya, na lebo ni mwandiko wake ule ule, nimeupiga picha na kuuchapisha. Watu wanaupenda kuliko maua yangu. Kila chupa ikijazwa inapata jina kabla haijafungwa mfuniko, na hakuna anayeruhusiwa kubandua kitu isipokuwa mwenye nyumba.

Na jana nimeamka nikakuta plasta nyuma ya simu yangu, mwandiko mkubwa wa makapeni: WEKA MBALI NA JIKO.

Sijaibandua. Haya, na nyie, mmewahi kulisha watu nini? Semeni, msiniache peke yangu na aibu hii.